UZI: Likizo hii mtoto apewe karatasi tupu na mtu wa kumsikiliza

#1 BintiWete

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Skuli zimefungwa, na mtaani kwetu Wete mazungumzo ya kina mama ni mamoja: wako umempeleka tuisheni ya nani? Mie wangu sikumpeleka. Nimekuja kueleza sababu, na pia kuomba msaada, kwani mwaka jana nililiharibu jambo kwa mikono yangu mwenyewe na sitaki mwenzangu alirejee kosa lile.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Likizo ya Juni alichukua kalenda kuukuu ya ukutani, akaigeuza, na nyuma yake akaanza kuandika hadithi ya popo aliyekuwa akiogopa giza. Kila ukurasa na picha yake. Aliwakusudia wale popo wetu wakubwa, ambao hawapatikani popote duniani ila kisiwa hichi cha Pemba. Aliwaona Kidike tulipokwenda kumzuru shangazi yake. Mlikuwa mumuone alivyowachora! Aliiweka karatasi juu chini, akawachora wamesimama wima kama watu kwenye foleni, kisha akaigeuza, wote wakawa wananing'inia mtini. Hakufundishwa na mtu.

Nami nikachukua kalamu nyekundu. Kila "alikua" nikaigeuza "alikuwa", kila nukta iliyosahauliwa nikaitia duara. Nilipomaliza nikahesabu makosa 23, nikaiandika hesabu hiyo juu ya ukurasa wa mwanzo, pale pale alipochora mwezi. Wallahi nilidhani namsaidia. Hakulia, hakusema neno. Aliikunja ile kalenda akaitia chini ya godoro, na tokea siku ile hakuandika tena sentensi moja isiyokuwa ya skuli.

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 alisimulia katika hotuba yake kwamba alipokuwa mtoto skuli, kipindi alichokuwa akikisubiri kuliko vyote ni kile cha kuandika hadithi. Darasa zima likinyamaza, kila mmoja ameinamia dawati lake anatafuta kichwani mwake jambo la kusimulia. Niliposoma maneno hayo nilimuona mwanangu ameinamia kalenda, na nikaiona kalamu yangu.

Kwa hivyo likizo hii kila siku akitoka chuoni kwa Kurani, kabla ya Magharibi, tunakaa barazani nusu saa. Yeye na karatasi, mie na mchele wangu wa kuchagua. Akitaka kuandika aandike, akitaka kuchora achore, akitaka kutizama njia atizame. Lakini leo siku ya tatu, na amekaa tu anaizungusha penseli. Namuuliza, ananijibu, "Mama, niandike nini?" Hapo ndipo nilipokwama. Nyinyi mnaojua, nambieni.

#2 Mwalimu_wa_Chake

Wa alaykumu salaam, Bi BintiWete. Mimi nafundisha maandalizi huku Chake Chake, na kisa chako nimekiona kwa watoto wengi, ingawa mara nyingi kalamu nyekundu huwa yetu sisi walimu.

Kwanza, siku tatu za kuzungusha penseli hazijapotea. Anakutizama. Anataka kujua kama umebadilika kweli.

Pili, mtoto aliyevunjwa moyo na kuandika usimrejeshe kwa kuandika. Mrejeshe kwa kusema. Mwambie, "Leo wewe sema, mimi karani wako." Chukua wewe penseli, uandike neno kwa neno anavyotamka. Akisema "akaenda akaenda akaenda mpaka akachoka," usipunguze hata "akaenda" moja, maana hizo ndizo hatua zenyewe za safari. Ukimaliza msomee. Atasikia maneno yake yanatoka kinywani mwa mtu mwengine, na hicho ni kitu kizito kwa mtoto. Wengi hufika siku ya pili au ya tatu wakainyang'anya penseli kwa sababu karani anakwenda pole pole mno.

Tatu, "andika chochote unachotaka" ni maneno magumu sana kwa mtoto. Mpe kitu cha kushika. Mimi nina mkebe: mna ufunguo usiokuwa na kufuli, kigae cha sahani ya zamani kilichookotwa pwani, kifungo cha shaba, unyoya wa kunguru. Nampa mtoto ufunguo namuuliza, "Huu ulikuwa wa mlango gani?" Basi. Sisemi "tunga hadithi". Swali dogo lenye jibu lisilojulikana na mtu hufungua mdomo kuliko amri kubwa.

Sasa kuchora, maana wazazi wengi huniletea picha za watoto wao na wasiwasi. Wa miaka miwili hukwaruza mistari tu, na raha yake ni kuona mkono umeacha alama. Akifika mitatu au minne, mtu wake ni duara lenye macho, na miguu inatokea humo humo kichwani, kiwiliwili hakuna. Usimwambie "tumbo liko wapi?" Watoto wa kila nchi wanapita hapo. Kwenye sita au saba utaona mstari chini ambao kila kitu kimesimama juu yake, na utepe wa buluu juu kabisa ndio mbingu, na katikati patupu. Mwaka jana mtoto mmoja nilimuuliza hapa katikati pana nini, akanijibu, "Pana hewa, mwalimu." Na atachora nyumba ukaiona mpaka ndani, bibi amelala kitandani, sufuria iko jikoni, kama kwamba ukuta ni kioo. Hajakosea. Anachora anachokijua, hachori anachokiona.

Hatari iko kwenye tisa na kumi. Hapo mtoto huanza kugundua kwamba ng'ombe wake hafanani na ng'ombe, na wengi huacha kuchora moja kwa moja, wakasema "mimi sijui" mpaka uzeeni. Binti yako ana tisa sasa. Yuko mlangoni hapo hapo. Usimsifu kwa "mzuri sana" ya haraka haraka, atajua hukutizama. Mwambie ulichokiona: "Huyu popo umemfunga macho, wenzake wote macho wazi." Kisha nyamaza umsikilize.

La mwisho, usimchoree. Ukimchorea samaki mzuri leo, kesho atakuletea wewe karatasi. Nendeni sokoni asubuhi mkamtizame changu, mkamtizame pono na meno yake yale, mkirudi achore mwenyewe.

#3 Nahodha_Mkoani

Nasoma tu hapa. Nina suali, na silitoi kwa ubaya. Mwezi wa saba ukiingia karafuu nazo zinaanza. Huku kwetu mashamba mtoto likizo yake ni kuchambua, kuanika na kuanua mvua ikinyesha. Mimi mwenyewe nashinda baharini. Hiyo nusu saa ya barazani ataitoa wapi, na atakaa na nani?

#4 BintiWete

Kaka Nahodha, suali lako ni la haki kabisa, na mie nimekulia shambani Konde, naijua kazi hiyo.

Lakini hebu kumbuka. Kuchambua karafuu mikono ina kazi, mdomo hauna. Watu mmelizunguka jamvi usiku, taa katikati, karafuu upande huu, makonyo upande huu, vidole vimekuwa vyeusi. Hadithi zote nilizonazo mie nilizipata pale. Mtoto anayesimulia kwenye jamvi la karafuu ameshatunga, kilichobaki ni kuweka. Kesho yake dakika kumi zinatosha, hata akiandika mistari mitatu. Na kama wewe uko baharini, yupo bibi, yupo dada mkubwa. Anayetakiwa ni mtu mmoja wa kuuliza, "Enhe, halafu ikawaje?"

Mwalimu, Mungu akulipe. Ufunguo ninao. Kesho nitajaribu.

#5 KizeeChaNgambo

Wanangu, mie ni bibi yenu wa Ng'ambo, Unguja. Mjukuu wangu ndiye anayeandika haya, mie nasema yeye anabonyeza simu, kwa hivyo hayo mambo ya karani nayajua vizuri sana.

Sisi hatukuambiwa tutunge. Tulianza kwa kuitikia. Bibi akisema "Paukwa!" sie wote "Pakawa!" na hapo umeshaingia kwenye hadithi hata kama hujasema kitu, sauti yako imo. Kisha bibi yetu alikuwa na hila. Hadithi ikifika patamu, Sungura yuko ndani ya kisima na Fisi amekaa juu, anasema, "Usingizi umenikamata, nyie mtanimalizia kesho." Akalala kweli! Siku nzima tunagombana Sungura atatokaje. Jioni kila mmoja ana mwisho wake, na bibi anausikiliza wote, hata wa yule mdogo ambaye Sungura wake aliruka tu akatoka. Anasema, "Aliruka? Basi alikuwa na miguu ya nguvu." Hakumwambia mtoto hakuna kitu kama hicho.

Nyie mnataka watoto waandike ukurasa. Anzeni na vitendawili. Mwambie mtoto akae jikoni atizame chombo kimoja mpaka akione upya, kisha akifiche ndani ya maneno. Huyu anayeniandikia alitega hichi: "Namkalia mgongoni, ulimi wake una meno." Ndiyo mbuzi ya kukunia nazi. Ilimchukua asubuhi nzima maneno sita hayo, kila mara ananijia, "Bibi, nikisema ulimi watajua mapema?" Huko ndiko kuandika, mwanangu, hakuna kwengine.

Na nyumba gani ya Kiswahili isiyokuwa na kanga? Kanga ina pindo lake kuzunguka, ina mji wake katikati, ina jina lake chini. Mpe mtoto karatasi mwambie amtengenezee mtu kanga. Pindo alijaze anachotaka, maua ya mkarafuu, mawimbi, makorosho. Mji achore kitu kinachomkumbusha mtu huyo. Jina alitunge mwenyewe, asinakili la dukani. Mtoto atakayekataa kuandika insha hatakataa maneno manne, na atayapima hayo manne kama mtu anayepima dhahabu. Yangu nimebandikiwa ukutani juu ya kitanda. Pindo ni vikombe vya kahawa, mji ni miwani yangu, jina: BIBI HASINZII ANAFIKIRI.

#6 MpembaUngujani

Bibi, hapo kwenye kanga nakuongezea moja. Lubaina Himid, mchoraji, alizaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na katika kazi zake zimo zile zilizotoka moja kwa moja kwenye kanga, picha na maneno yake pamoja. Kwa hivyo mtu akikwambia kanga si sanaa ya kumfundishia mtoto, unalo la kumjibu.

Mimi nataka kusema habari ya vifaa, maana najua mzazi akisikia "kuchora" anawaza fedha za kalamu za rangi. Karatasi: ofisi nyingi zinatupa zilizochapwa upande mmoja, omba. Mfuko wa saruji una matabaka. Toa la nje lenye vumbi, la ndani ni karatasi ya kaki imara kabisa. Boksi la biskuti likifunguliwa ni ubao.

Rangi ziko jikoni. Manjano ya unga ukiyakoroga na maji unapata njano kali. Mwambie mtoto atie ncha ya kijiko ya jivu la kuni kwenye kikombe cha pili cha manjano hayo hayo, atizame: yanageuka mekundu ya kahawia pale pale mbele ya macho yake. Sabuni ya kipande inafanya vilevile. Watoto wangu walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mbegu za mzingefuri zinatoa nyekundu ya machungwa, ila zinashika nguoni hazitoki, mvueni shati jeupe. Kahawa nzito ni rangi ya ngozi, ya mchanga, ya mbao. Mkaa mnaujua. Ukitaka rangi isimwagike kama maji, koroga na uji mwepesi wa wanga wa muhogo.

Brashi? Mswaki wa mti. Tafuna ncha mpaka ifumuke nyuzi, ukaushe kidogo. Wakubwa na wadogo, kila mmoja na wake.

#7 Jirani_wa_Tumbe

Hii ya jivu na manjano nimeijaribu sasa hivi mimi mwenyewe, watoto wamelala. Kweli imegeuka!

#8 UmmuSalim

Uzi mzuri. Lakini kuna jambo linanikera moyoni na naomba nisijibiwe kwa ukali. Mwanangu anapenda kuchora watu na wanyama. Chuoni ameambiwa ni haramu. Amerudi analia, amezichana zote. Sitaki kumpinga ustadhi wake mbele yake, na sitaki mtoto aache. Nifanyeje?

#9 Mwanafunzi_wa_Maalim

Bi UmmuSalim, suali lako ni la heshima na halina haja ya ukali.

Katika jambo la kuchora vyenye roho wanavyuoni wamekhitilafiana, wapo wanaokataza kabisa na wapo wanaotenganisha mambo, na katika vya watoto kuna nafasi zaidi, maana imepokewa kwamba Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake. Mimi si mtu wa kukutolea fatwa humu. Nenda kwa maalim wa mtoto faragha, umuulize kwa adabu. Mara nyingi neno lililotupwa darasani kwa haraka si lile atakalokwambia mzazi akiwa amekaa.

Lakini hata ukichukua kauli ya kukataza, mlango haukufungwa. Imepokewa kwamba mchoraji mmoja alimwendea Ibn Abbas kuuliza riziki yake itakuwaje, naye akamwelekeza achore miti na visivyokuwa na roho. Basi mchukue mtoto akatizame mlango wa kuchonga. Hata huko Pemba ipo, na Mji Mkongwe ndiyo usiseme. Kuna mnyororo unaozunguka fremu, kuna mawaridi, kuna mawimbi, wakati mwengine aya kwenye kizingiti cha juu. Mtoto akiweza kuchora mnyororo ule bila ya mkono kukatika, mkono huo umekomaa. Na khati za Kiarabu je? Anaandika na anachora kwa wakati mmoja. Mwambie pia azisimulie kwa maneno zile picha alizozichana. Aliyekuwamo kwenye picha anaweza kuingia kwenye hadithi.

#10 UmmuSalim

Allah akujaalie kheri. Nitakwenda kwa maalim wake Alkhamisi inshaallah.

#11 KijanaWaMicheweni

Suali fupi kwa mwalimu. Mdogo wangu anaandika kama tunavyosema nyumbani, Kipemba kitupu. Nimsahihishe awe anaandika Kiswahili cha vitabuni? Atafeli kwenye insha.

#12 Mwalimu_wa_Chake

Insha ya mtihani aandike Kiswahili sanifu, na sanifu chenyewe kinatokana na Kiunguja, walikichagua kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Hicho atakijifunza, skuli ipo. Lakini hadithi yake ya likizo ikiwa na bibi wa Micheweni ndani yake, bibi huyo aseme Kimicheweni. Akisema kama mtangazaji wa taarifa ya habari nani atamwamini? BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametoa kamusi ya Kipemba, na marehemu Haji Gora Haji, baharia na malenga wa Tumbatu, aliyakusanya maneno ya Kitumbatu akayafanyia kamusi. Watu wazima wanahangaika kuyaokoa maneno haya, sisi tunamkata mtoto alama kwa kuyatumia.

Kuhusu makosa ya tahajia: yaache kwenye rasimu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hivyo mtoto anayeandika sana hujisahihisha mwenyewe kwa kusikiliza. Ukitaka kumwonyesha kitu, kimoja tu kwa siku, tena siku ya pili, hadithi ikiwa imeshapoa.

#13 Nahodha_Mkoani (wiki mbili baadae)

Nimerudi. Nilisema mimi nashinda baharini, na ni kweli. Lakini siku ya bamvua maji yalikupwa mbali, dau limekaa juu ya mchanga, hakuna kwenda popote mpaka maji yajae. Kijana wangu wa miaka saba alikuja kuniletea chai. Nikakumbuka habari zenu hapa. Nikampa kijiti nikamwambia, hebu nichoree dau letu.

Alichora mchangani. Nilidhani atafanya kadogo. Alianza kwenye omo akaenda akirudi nyuma anakokota kijiti, mpaka tezi, mimi nikapima baadae kwa miguu, hatua kumi na saba. Akatia mlingoti, akatia foromali, tanga likiwa limejaa Kusi. Halafu akaingia ndani ya dau akaanza kuchora humo. Akanichora mimi nimekaa kwenye usukani, akachora ndoo ya kufutia maji, nyavu, samaki chini kabisa, vyote vinaonekana, ubavu wa dau kama haupo. Nikamkumbuka Mwalimu na ukuta wa kioo. Ningekuwa sikusoma humu ningemwambia mbao haipenyi macho.

Pembeni yangu alichora mtu mwengine mdogo. Nikamuuliza huyu baharia ni nani. Akasema, "Ni mimi, baba. Siku hiyo ulinichukua."

Sijawahi kumchukua. Nilikuwa nikimwambia bado mdogo.

Maji yalipojaa yaliondoka na dau lote, kuanzia omo. Alisimama akitizama, hakulia. Akaniuliza kama dukani kuna buku lisilokuwa na mistari. Nimemnunulia. Mimi kalamu si yangu sana, lakini usiku tukichambua karafuu ananiuliza majina ya pepo na ya baharini, Kusi, Kaskazi, Matlai, joshi, demani, anayaandika kila moja chini ya picha yake. Mama yake anasema tangu tuoane hajanisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa usiku mmoja.

#14 KizeeChaNgambo

Mchukue, baba. Siku bahari imetulia, mchukue.

#15 BintiWete

Ndugu zangu, likizo imebaki siku chache, nawapa habari.

Ufunguo ulifanya kazi siku ya nne. Alisema ni wa mlango ulioko chini ya bahari, baina ya Wete na Fundo, na anayekaa ndani ni mwanamke anayefua nguo za wavuvi waliopotea. Nilikuwa karani. Mkono wangu ulitetemeka, nakwambieni kweli, kwa sababu baba yangu mdogo alipotelea njia hiyo na mtoto hakuwahi kuambiwa na mie. Siku ya sita aliichukua penseli. Alisema ninaandika "mwanamke" kwa herufi ndogo mno.

Tarehe 7 Julai, ile Siku ya Kiswahili Duniani, tulitandika mikeka barazani. Watoto tisa wa mtaani walikuja na karatasi zao, nyengine za mfuko wa saruji, nyengine kalenda. Kanga za karatasi tulizitundika kwenye kamba ya nguo. Mmoja jina la kanga yake lilikuwa NJAA YA MCHANA INA JINA LANGU, na mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni aliingia ndani kimya akatoka na boflo. Mmoja hakutaka kusoma, alisomewa na kaka yake. Wawili waligombana mwisho wa hadithi moja wakaamua iwe na miisho miwili. Wazee watatu waliokuwa wakipita kwenda msikitini walisimama, mmoja akakaa.

Yapo ambayo hayakwenda vizuri. Kuna siku tano mfululizo hakuandika kitu, alitaka katuni kwenye simu, na mie nilichoka nikampa. Na ile hadithi ya popo hakuirudia. Nilimuuliza mara moja tu, akasema, "Ile imekwisha, mama." Sikumuuliza tena.

Mwalimu, jana amenishinda. Tulipokaa barazani alinipa mie karatasi tupu na penseli aliyoichonga mwenyewe, akauchukua ungo wa mchele akaanza kuchagua. Kasema, "Leo zamu yako. Mie nakusikiliza." Nusu saa nzima nimekaa nayo. Karatasi hiyo ninayo hapa, haina neno.

Nambieni nyinyi, niandike nini?

#16 Nahodha_Mkoani

Dada, ile kalenda bado iko chini ya godoro? Andika hiyo.